Muulize Karani: Eti simu inaweza kunusa kipindupindu kabla ya daktari?

Toleo lililopita niliandika vijistari vitatu tu hapa chini kabisa ya ukurasa, kwamba kuna watu kazi yao ni kuchambua maneno yanayoandikwa mtandaoni ili wajue ugonjwa umeanza wapi, basi bana, meseji zimemiminika kutoka Kigoma yote mpaka Tabora. Wengine wananitukana kabisa. Nimechagua tano. Kwa wageni wa safu hii, mi nilikuwa karani wa takwimu, miaka mingi nimekaa nyuma ya dirisha najaza vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za wagonjwa, kwa hiyo nikisema takwimu nasema kitu nilichokiandika kwa mkono wangu mpaka kidole kikaota sugu.

Mwanangu Karani, mi nauza dagaa na mawese hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kijana wangu yuko chuo anasoma kompyuta, kila wiki anaomba hela ya bando, namuuliza bando la nini lote hilo anasema anatengeneza programu ya kusoma vitu watu wanavyoandika mtandaoni ili igundue kipindupindu kikianza. Nimezaa watano, najua mtoto akidanganya. Hebu niambie, kuna kitu kama hicho au naliwa hela?

Shikamoo mama. Kitu hicho kipo, tena sio cha jana. Kwamba bando lote linaishia huko hapo siwezi kuapa, mpira nao unaangaliwa kwa bando.

Iko hivi. Mtu akianza kuumwa haendi hospitali siku hiyohiyo, wewe unajua, kwanza anamwambia jirani, anaenda duka la dawa, siku hizi anaandika kwenye grupu au anaiuliza Google "dawa ya tumbo la kuendesha". Hospitali anafika siku ya tatu akiwa hoi, halafu kitabu kinajazwa, wiki inaisha, ripoti inapanda wilayani, inapanda mkoani. Sasa wenye akili wakasema mbona tusiyasome yale maneno ya siku ya kwanza. Kuna huduma inaitwa ProMED ilianza 1994 kwa barua pepe tu, madaktari na watu wa kawaida wanaulizana jamani huko kwenu kuna nini, na Februari 2003 mtu mmoja akauliza pale kuhusu watu wanaokufa Guangzhou huko China, ndo dunia ikaanza kusikia habari za SARS, ugonjwa wa mapafu. Tarehe 30 Desemba 2019 ikarudia tena, tangazo la nimonia isiyojulikana Wuhan. Kanada nao walishakuwa na mtambo wao wa kusoma magazeti kwa lugha mbalimbali tangu miaka ya tisini.

Ila muulize kijana wako kama anaijua hadithi ya mafua ya Google, kama haijui huyo bado hajasoma. Mwaka 2008 Google walitoa kitu kinaitwa Google Flu Trends. Walichukua maneno milioni 50 ambayo Wamarekani wanayatafuta, wakayalinganisha na idadi halisi ya wagonjwa wa mafua waliorekodiwa na serikali, yakabaki kama 45 yanayopanda na kushuka pamoja na mafua, na kwa maneno hayo wakawa wanatabiri mapema kuliko ripoti za kliniki kwa wiki moja hivi au mbili. Dunia nzima ikapiga makofi. Mwaka uliofuata mafua ya nguruwe yakaja kipindi kisicho cha kawaida, mashine wimbi la kwanza ikalikosa. Halafu msimu wa 2012 kuingia 2013 ikasema wagonjwa ni karibu mara mbili ya waliokuwepo kweli! Watafiti wakaja kuhesabu wakakuta kuanzia Agosti 2011, katika wiki 108, wiki 100 ilikuwa imezidisha. Agosti 2015 wakafunga kibanda.

Kilichowaponza ni nini? Kimoja ni kwamba mtu akisikia redioni mafua ni makali mwaka huu anaenda kutafuta "dalili za mafua" na yeye ni mzima kama ngarawa mpya. Kingine kinachekesha, kwenye maneno ya mwanzo yaliyokuwa yanapanda pamoja na mafua yalikuwemo ya mpira wa kikapu wa shule za sekondari, sio kwamba kikapu kinaleta mafua, ni kwamba msimu wake na wa mafua huko kwao ni uleule wa baridi. Hayo waliyaondoa kwa mkono, lakini je, mangapi ya namna hiyo yalibaki ndani bila kuonekana? Hesabu inaona vitu viwili vimepanda pamoja, sababu haiioni.

Kwa hiyo mama mpe hela ya bando, ila mwambie Karani kasema hivi, asikuletee mchoro unaopanda tu, akuletee na daftari la kituo cha afya aliloulinganisha nalo. Bila daftari hiyo ni ramli yenye betri.

Kaka Karani habari za majukumu. Mi ni nesi hapa Tabora, mtaa wa Isevya. Umeandika mashine inasoma maneno, swali langu ni lugha. Sisi huku mgonjwa akija anasema "nasikia homa", ukimuuliza vizuri anaumwa goti. Sasa hiyo mashine itaelewa nini?

Salama dada. Hili ndo swali lililonipa raha kuliko yote kwa hiyo nitakaa hapa kidogo, wasiopenda mambo ya lugha warukie barua ya Kasulu.

Chukua hilo neno homa. Wiki ya Simba na Yanga kila ukurasa umeandika homa ya pambano yapanda, homa ya dabi yatikisa jiji, sasa mashine isiyojua mpira itapiga king'ora kwamba nchi nzima ina homa. Na mwenye malaria kweli wala haandiki homa, anaandika "mwili umechoka jamani" au "baridi inanitetemesha na jua lote hili". Chukua neno kuendesha. "Jirani yangu anaendesha tangu asubuhi", haya niambie, huyo jirani ana bodaboda au yuko chooni? Mtu wa Tabora anajua kwa kuangalia sentensi inayofuata, mashine lazima ifundishwe, na inafundishwa kwa binadamu kukaa na maelfu ya sentensi halafu anaweka alama moja moja, hii ni mtu anaumwa, hii ni habari ya gazeti, hii ni utani, hii ni tangazo la serikali la kunawa mikono. Ni kazi ya kuchosha kama kupembua dagaa wenye mchanga. Na sehemu kubwa ya maandishi yenye neno kipindupindu sio ya wagonjwa, ni matangazo, ni habari za nchi jirani, ni mtu anasema "huku kwetu hamna kipindupindu msitishike", neno limo na ugonjwa haumo.

Halafu Kiswahili chetu chenyewe kina tabia yake. Mwingereza akitaka kusema kuharisha ana maneno mawili matatu, anayatafuta anayapata. Sisi shina ni moja lakini linavaa nguo mia: naharisha, anaharisha, kaharisha, wameharisha, waliokuwa wanaharisha, aliyemharishia kitandani. Kwa kompyuta ya kizembe hayo ni maneno sita tofauti yasiyojuana. Weka na namna tunavyoandika, mwenzangu na mie tusiojua r na l tunaandika nahalisha, tunaandika malalia, tunafupisha tumbo linauma kuwa "tmbo lnauma". Sasa kuna vijana wa Afrika kwenye kikundi kinaitwa Masakhane, kilianza 2019, jina lenyewe ni la Kizulu maana yake tujenge pamoja, wanakusanya maandishi ya lugha zetu ili kompyuta zisiendelee kuwa viziwi kwetu. Wanastahili chai.

Na usidhani maneno ya watu wa kawaida ni takataka ya kisayansi. Chikungunya, ugonjwa ambao leo unaandikwa kwa jina hilo kwenye vitabu vya dunia nzima, ni neno la Kimakonde, watu wa Newala miaka ya 1952 na 1953 waliuita hivyo kwa jinsi unavyomkunja mtu viungo. Madaktari walilisikia wakalichukua. Ule nao ulikuwa uchambuzi wa maneno, tofauti tu hapakuwa na kompyuta.

Ila dada nikwambie ninachoamini mimi, ukipenda kataa. Wanaotafuta jina la ugonjwa wanatafuta pasipo. Watu hawataji ugonjwa, wanalalamika. Mwaka 2020 huko Marekani wakati wa korona watu waligundua wanunuzi wa mishumaa yenye manukato wanajaza malalamiko mtandaoni kwamba mshumaa hauna harufu, wanataka hela yao, kumbe mshumaa ni mzima, pua ndo imekufa. Walilalamikia mshumaa, hawakuandika nina korona. Sasa ukileta huku, mi ningekuwa na mashine yangu nisingeiambia itafute kipindupindu, ningeiambia itafute "maji yamekatika siku ya nne", "choo cha shule kimejaa", "duka la dawa limeishiwa ORS". Hayo watu wanayaandika kila siku, bila woga, na yanakuja kabla.

Karani, mi bodaboda Kasulu. Nimesikia wanatumia laini zetu kujua tunapoenda ili wafuatilie magonjwa. Yaani nikienda Kibondo kwa mambo yangu binafsi wanajua?

Mambo yako binafsi ya Kibondo sitaki kuyajua hata mimi.

Simu yako ikipiga au ikipokea inaongea na mnara, kampuni inaandika mnara gani na saa ngapi kwa sababu ya bili. Watafiti wamewahi kuomba rekodi hizo zikiwa zimeondolewa majina na namba. Zanzibar walifanya, rekodi za miezi mitatu ya mwisho wa 2008 za watumiaji zaidi ya laki saba, wakitaka kujua malaria inarudi visiwani kwa njia gani wakati kule imeshushwa sana, na walikuta safari nyingi ni za siku chache kwenda Dar na kurudi, kwa hiyo wa kuangaliwa zaidi ni wachache wanaokaa muda mrefu bara kwenye mbu wengi. Kenya ikawa kubwa zaidi, laini karibu milioni 15, minara 11,920, kuanzia Juni 2008 mwaka mzima, wakaonyesha vimelea vya malaria vinasafiri ndani ya damu za watu kutoka ukanda wa Ziwa Victoria kwenda mpaka Nairobi. Hapo wanaangalia mto wa watu, sio tone moja. Huwezi kujua hayo kwa kuhesabu mbu.

Lakini wasiwasi wako sio wa kijinga. Ukiondoa jina bado mtu anayelala karibu na mnara fulani na kushinda karibu na mnara fulani anaweza kutambulika, hasa huku kwetu ambako mnara mmoja unahudumia vijiji viwili. Ndo maana tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kazi Mei 2023, na taarifa za afya humo zimewekwa kwenye kundi la zile nyeti. Mtu yeyote akija na fomu anataka namba yako "ya utafiti wa afya", una haki ya kumuuliza ya nini na itakaa wapi. Asipojibu washa pikipiki.

Kaka, niko Ujiji. Nilikula chakula sehemu usiku tukaharisha watu watatu, nikaandika kwenye grupu la mtaa nikataja na jina la mama lishe, nikaambiwa natia watu hofu, nikaitwa ofisi ya mtaa. Sasa kama mnasema maneno yetu yanasaidia kugundua magonjwa mbona nimekosa?

Pole kwa tumbo, na pole kwa kuitwa.

Hukukosa kusema, ulikosea pa kusemea. New York idara ya afya ya jiji kuanzia Julai 2012 mpaka Machi 2013 walisoma maoni karibu 294,000 ya watu kuhusu migahawa kwenye mtandao wa Yelp, programu ikachuja, wakapata 468 yanayofanana na sumu ya chakula, na katika hayo ni asilimia 3 tu ndo walikuwa wamepiga simu kuripoti rasmi! Wakaongea na baadhi yao, wakagundua milipuko mitatu midogo iliyougusa watu 16, wakaenda kukagua majiko wakakuta uchafu kweli. Kwa hiyo watu kama wewe, wanaolalamika bila kuripoti, wako hadi Marekani.

Lakini angalia walichofanya baada ya kusoma, walipiga simu kwa mlalamikaji na walienda jikoni. Grupu la mtaa haliendi jikoni, grupu linahukumu. Tumbo lako linaweza kuwa lilitoka kwenye maji uliyokunywa mchana, na mama wa watu biashara imeshakufa. Siku nyingine piga 199, ni bure, ni ya Wizara ya Afya, au mwambie mhudumu wa afya wa mtaa wenu, sema watu wangapi, walikula nini, saa ngapi, mnaishi wapi. Kama mnaharisha maji yanayofanana na ya mchele, hapo usiandike popote kwanza, kimbia kituoni unywe ORS na wachukue sampuli. Kipindupindu kinathibitishwa maabara. Na mama lishe kamuombe radhi, lakini nawe usile tena pale mpaka uone anafunika chakula.

Watu wa ofisi za mitaa nao wanaonisoma, hebu muache kumuita mtu kwa kusema anaharisha. Mkimtisha huyo, wa pili na wa tatu watanyamaza, na mtambo wowote duniani hauwezi kusoma mtu aliyenyamaza. Tunalijua hilo, takwimu za korona za nchi hii zilisimama kwenye wagonjwa 509 Mei 2020, kwa zaidi ya mwaka baada ya hapo hata anayetaka kupima kama maneno ya mtandaoni yanasema kweli alikosa cha kulinganisha nacho.

Karani mi niko kijiji cha mwambao kusini, wilaya ya Uvinza. Huku mtandao ni wa kupanda mlima. Kwa maelezo yako ina maana sisi hatuumwi?

Umenikamata, na umewakamata wote hao niliowataja hapo juu.

Mei 2015 Warundi maelfu kwa maelfu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi mpakani kabisa kaskazini, mlima nyuma ziwa mbele, njia ni maji. Watu wamejazana ufukweni, vyoo hamna, maji ya kunywa ni yaleyale ya ziwa. Meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma, haiwezi kutia nanga ufukweni pale wanapelekwa kwa mitumbwi, wakifika mjini wanapumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika halafu kambi ya wakimbizi Nyarugusu. Kipindupindu kikalipuka, haikufika mwisho wa mwezi wagonjwa walishakaribia 3,000 na waliokufa 31. Sasa jiulize, nani pale ufukweni alikuwa anaandika mtandaoni tumbo linaniuma? Ungewasha mashine bora kuliko zote ungeona Kagunga kimya, shwari.

Hata Ebola ya Guinea ambayo wenye mitambo hii wanajisifia nayo. Kuna mtambo wa Boston unaitwa HealthMap, tarehe 14 Machi 2014 ulinasa habari za homa ya ajabu ya kutoka damu, siku tisa kabla ya Shirika la Afya Duniani kutangaza rasmi. Vizuri. Lakini zile habari zilitokana na maofisa wa afya wa Guinea wenyewe walioshaanza kushtuka, na mtoto anayedhaniwa kuwa wa kwanza alikufa Desemba 2013 kijijini Meliandou, msituni. Miezi mitatu ugonjwa unatembea miguu kwa miguu, mtandao haujui. Mtu wa kijijini alijua. Alikuwa anazika.

Kwa hiyo huko kwenu mtambo wenu ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii na daftari lake. Ripoti za magonjwa ya mlipuko sasa hivi kituo kinaweza kuzituma kwa simu hata ya kitochi, haihitaji bando, inahitaji kamtandao kadogo tu ka kutuma. Kipindupindu hakisubiri ripoti ya wiki, kinatakiwa kiripotiwe ndani ya saa 24. Na hapo ndo mlima wenu unaingia. Nilipokuwa kwenye kazi kulikuwa na zahanati moja, sitaitaja, walikuwa wanaandika vizuri kila siku lakini ripoti inatufikia Jumatatu tu, kila wiki Jumatatu, nikadhani ni uvivu. Nikaja kuambiwa siku hiyo ndo mtu wao anashuka na mtumbwi kufuata chanjo, na simu inakamata mtandao akifika katikati ya ziwa.

Sasa we niandikie, mlima wenu ni mwendo wa saa ngapi, na nani anaupanda? Nikipata majibu ya vijiji vingine vya mwambao nitayaweka yote hapa toleo lijalo, kuanzia Kagunga mpaka kwenu.